Asbesto: Uingereza ilichukua miaka 75 kusema basi

Huku Uingereza ukitaka kubomoa dari ya nyumba ya zamani, kwanza utaulizwa: kuna asbesto? Swali hilo lina historia.

Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mama wa miaka 33 aliyesokota nyuzi za asbesto kiwandani mjini Rochdale. Daktari William Cooke alizikuta chembe zake kwenye mapafu ya marehemu. Waajiri walikataa kulipa fidia. Kanuni za kupunguza vumbi viwandani zilikuja 1931, lakini majumbani asbesto iliendelea kuwekwa: kwenye mabomba, dari, paa za gereji. Ya bluu na ya kahawia zilipigwa marufuku 1985, nyeupe 1999. Ugonjwa wenyewe hujificha miaka 20 na zaidi, ndiyo maana wanaougua leo ni wazee waliovuta vumbi ujanani.

Kanuni za 1983 zilileta leseni kwa kazi za hatari zaidi. Kwa hiyo muombe fundi leseni yake kwanza. Fundi mwaminifu hupeleka kipande maabara kabla ya kutaja bei, hufunga chumba kwa nailoni, hulowesha, hafagii pakavu. Mwisho hewa hupimwa na mtu mwingine asiye wake.

Na huko kwetu paa za asbesto bado zipo. Likiwa zima, liacheni. Anayekuja na nyundo na ufagio tu, mrudisheni alikotoka.

Salamu kwa wote.