Hamira Inayonenepa

Kabla jua halijachomoza juu ya Ziwa Naivasha, vibanda vya Kamere hunukia maandazi. Wafanyakazi wa mashamba ya maua hununua mawili matatu wakiwahi zamu. Hamira iliyoumua unga huo ni chachu, na ina jamaa zake wasiojulikana sana, ambao wakilishwa sukari hunenepa.

Siri iko kwenye mlo. Chachu hizo zikiishiwa nitrojeni huku sukari ingali tele, hushindwa kuzaana, na sukari iliyobaki huigeuza mafuta. Rhodotorula toruloides, kwa mfano, huweza kubeba mafuta yanayozidi nusu ya uzito wake mkavu. Mafuta hayo yakitolewa na kuchanganywa na methanoli na kichocheo, hupatikana dizeli na gliserini.

Wa kwanza kuitegemea chachu ya namna hiyo walitafuta chakula. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Ujerumani ilizingirwa baharini na mafuta ya kula yakaadimika. Mjini Berlin, mtaalamu wa chachu Paul Lindner alikuza aina iliyokuwa ikionekana kwenye utomvu wa miti. Kwa kuwa ilihitaji hewa nyingi, ilioteshwa juu ya trei pana zenye kina kifupi. Kazi ilikuwa kubwa, mavuno haba.

Nusu karne baadaye mambo yakageuka. Huko Lavera, kusini mwa Ufaransa, Alfred Champagnat na wenzake wa kampuni ya BP waliilisha chachu nta iliyomo kwenye mafuta ghafi, ili wapate protini ya mifugo. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, hesabu ikavurugika. Mojawapo ya chachu zilizotumiwa na kampuni hiyo, Yarrowia lipolytica, leo ni miongoni mwa zinazochunguzwa sana na wanaotaka kuyatengeneza mafuta badala ya kuyala.

Kenya nayo iliijaribu chachu, ila kwa njia ya pombe. Kiwanda cha Agro-Chemical and Food huko Muhoroni, kilichoanzishwa mwaka 1978, huchachusha molasi ya viwanda vya sukari na kutoa spiriti pamoja na hamira ya mikate. Kuanzia mwaka 1983 spiriti hiyo ilichanganywa na petroli, lakini mpango ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kisha ukaja mmbono kaburi (jatropha). Miaka ya 2000 wakulima wengi waliambiwa kwamba mbegu zake zitawapa dizeli na utajiri hata kwenye ardhi kame. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 kuhusu mashamba ya Kenya ulionyesha mavuno duni, ukashauri mmea huo upandwe kama uzio tu.

Chachu haihitaji shamba, lakini haili bure. Kilo moja ya mafuta yake humeza takriban kilo tano za sukari, na sukari hiyo hiyo ina wateja wengine, kuanzia mwoka mikate hadi mnywa chai. Ndiyo maana watafiti wamegeukia mabaki: majani makavu ya ngano, mabua ya mahindi, na hata gliserini inayobaki dizeli ya mimea inapotengenezwa. Kazi ngumu ni kuzivunja nyuzi ngumu za mabua ziwe sukari kwa gharama nafuu.

Mabaki yako tele kandokando ya barabara inayopita Kamere. Katika shamba la Gorge Farm, masalia ya mboga na maua yalianza kuozeshwa na bakteria katikati ya miaka ya 2010, katika mtambo wa gesi uliojengwa kuzalisha zaidi ya megawati 2 za umeme. Huo ni umeme, nayo malori yanayopeleka maua uwanja wa ndege mjini Nairobi yanataka dizeli. Dizeli hiyo hushushwa melini Mombasa, kwa kuwa kiwanda cha kusafishia mafuta cha huko kiliacha kazi mwaka 2013, kisha husukumwa kwa bomba hadi Nairobi na kuendelea hadi ghala la Nakuru.