Jua, Shinkolobwe na namba za Cecilia Payne

Bandugu, tukisikia jina Shinkolobwe, akili inakimbia moja kwa moja ku Hiroshima, 1945. Ni kweli, sehemu kubwa ya urani ya lile bomu ilitoka pale, karibu na Likasi. Lakini mawe ya namna ile yako pia katika historia nyingine: namna watu walivyojua jua limetengenezwa na nini.

Mwaka 1868 jua lilipatwa kule India. Wataalamu kama Jules Janssen walipasua mwanga wake katika rangi zake, kama upinde wa mvua. Mule mukaonekana mstari wa manjano ambao haukulingana na kitu chochote cha duniani. Norman Lockyer wa Uingereza akasema ni elementi mpya. Ikaitwa heliamu, kutoka jina la Kigiriki la jua. Ni mwaka 1895 tu William Ramsay aliipata hapa duniani, na aliipata wapi? Ndani ya jiwe la urani! Urani inapovunjika polepole inazaa heliamu. Kwa hiyo hata mawe ya Shinkolobwe yalibeba gesi ileile ya jua.

Likabaki swali la moto. Kama jua lingekuwa makala, lingekwisha mu miaka elfu chache. Mwaka 1903 ilipojulikana kwamba radiumu inatoa joto bila kuwaka, wengine wakasema: basi, njo inayolisha jua. Na radiumu hiyohiyo njo iliyofanya Union Minière ichimbe Shinkolobwe kuanzia 1921.

Jibu la kwamba jua limetengenezwa na nini lilitoka kwa binti wa miaka 25. Mwaka 1925, kule Harvard, Cecilia Payne alikuwa anaandika thèse yake. Alitumia hesabu za Meghnad Saha, mwana wa India, akakuta kwamba jua si kama udongo wetu: karibu lote ni haidrojeni na heliamu. Mkubwa wa fani ile, Henry Norris Russell, akamwambia haiwezekani. Payne akaandika mu thèse kwamba matokeo yake mwenyewe karibu kwa hakika si ya kweli. Mwaka 1929 Russell alifika palepale kwa njia nyingine, akakubali.

Leo tunajua: mu uzito wa jua, karibu 73% ni haidrojeni, 25% heliamu, na vingine vyote havifiki 2%. Katikati, ku joto la digrii milioni 15, haidrojeni inaungana kuwa heliamu, na kila sekunde tani milioni 4 hivi za uzito zinageuka kuwa nguvu. Bomu lilivunja urani. Jua linaunganisha haidrojeni.

Mwanga ukitoka juu ya jua unatufikia kwa dakika 8 na kidogo, na njo unaopanga mwaka wetu. Mwisho wa Oktoba jua linasimama wima juu ya Lubumbashi, udongo unapata moto, hewa inapanda. Kufika Novemba mvua inashika, na watu wanapanda mahindi.

Kwa nini ninawaandikia haya? Wakati wa mémoire yangu, directeur alipiga mstari juu ya jedwali moja, akasema: "Hii haiwezekani." Nilifuta jedwali, nikatupa na makaratasi. Labda alikuwa na haki. Lakini leo siwezi kujua, sababu namba haziko tena.

Payne alikubali kuandika sentensi ya mashaka, lakini jedwali hakulifuta. Njo maana miaka 4 baadaye watu walirudia thèse yake, wakakuta kila kitu mahali pake.

Bandugu muko ku mémoire sasa: mkubwa akisema haiwezekani, mumuheshimu, muandike mashaka yake. Lakini namba, musizifute.