Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko

Wahenga wanasema mbwa hafi maji akiona ufuko. Methali hii tunampa mtu aliyekaribia mwisho wa shida zake: jikaze kidogo tu, nchi kavu ile pale. Ni methali nzuri, lakini inaishia pwani. Haisemi mbwa yule alikuwaje kesho yake. Alikula au alisusa? Alilala, au alikesha akisikiliza? Hebu tuanzie pale methali ilipoishia, maana kuna mbwa waliouona ufuko kweli, wakaufikia, na yaliyowapata baadaye yakaandikwa kwa utulivu wa kutisha na mzee mmoja wa Kirusi.

Tarehe 23 Septemba 1924, upepo wa magharibi uliyasukuma maji ya Ghuba ya Ufini yakaingia mdomoni mwa mto Neva, na mto ukarudi nyuma. Mji ulioitwa Leningrad kwa miezi minane tu ukafunikwa. Maji yalipanda karibu mita 3.8 juu ya kawaida. Wakazi wake walikuwa na kumbukumbu ya gharika nyingine, ile ya Novemba 1824, miaka mia moja kasoro wiki chache. Hiyo ndiyo gharika aliyoiandikia Pushkin mwaka 1833 katika utenzi wake wa Mpandafarasi wa Shaba. (Pushkin huyuhuyu, kitukuu cha Gannibal, mtoto aliyetolewa Afrika akalelewa na Tsar Peter, mjenzi wa mji huohuo juu ya matope.) Ukimsoma, unakumbuka kwamba Yevgeny, karani maskini, hafi maji. Anaokoka. Mchumba wake ndiye anayepotea, na Yevgeny anabaki akizurura mitaani, sauti ya maji ikiwa haimtoki kichwani, mpaka akili inamruka. Pushkin alijua kitu ambacho methali yetu imekinyamazia.

Sasa, karne moja baadaye, katika mji uleule, kisiwa cha Aptekarsky, palikuwa na Taasisi ya Tiba ya Majaribio, na ndani yake maabara ya Ivan Pavlov. Mzee alikuwa amebakiza siku tatu kutimiza miaka 75. Tuzo ya Nobel alikuwa ameipata zamani, mwaka 1904. Mbwa wake walikaa kwenye vibanda katika jengo la peke yake, yapata mita 400 kutoka jengo kuu la maabara. Maji yalipoanza kuingia humo, wahudumu waliwatoa mbwa na kuwaogelesha makundi kwa makundi hadi maabara, huku mawimbi yakipiga kuta na miti ikivunjika na kuanguka. Waliwapandisha juu wakawasonganisha pamoja, wakubwa kwa wadogo, wanaojuana na wasiojuana.

Na hapo Pavlov anataja jambo moja dogo ambalo kwangu ni zito kuliko miti yote iliyoanguka. Mbwa wale hawakupigana. Siku nyingine ukiwachanganya hivyo ni vurugu tupu, meno na makelele. Siku ile, kimya. Mtu asiyewajua mbwa angesema wametulia. Hawakuwa wametulia hata kidogo. Kuna kimya cha amani na kuna kimya cha mwenye kufungwa pumzi, na anayetaka kumsaidia mbwa mwoga ajifunze kwanza kuvitofautisha. Wangapi tumemsifia mbwa aliyejikunyata pembeni, mkia tumboni, kwamba "huyu mpole huyu, hana neno"?

Maji yakashuka, mbwa wakarudishwa vibandani. Wengine wakaendelea na maisha kama kwamba hakuna kilichotokea. Wengine hawakuweza. Gharika ilikuwa moja, mbwa mbalimbali, na Pavlov, ambaye tayari alikuwa akiwapanga mbwa kwa tabia zao za kuzaliwa, aliona kwamba walioathirika zaidi ni wale wepesi wa kunywea.

Mmoja wa hao alifuatiliwa na mtafiti wake, A. D. Speransky. Huyu mbwa kabla ya mafuriko alikuwa mwanafunzi wa mfano. Kengele ikilia, mate yanamtoka kwa kipimo; taa ikiwaka, vivyo hivyo. Wiki moja baada ya maji, alipandishwa juu ya meza ya majaribio, na karibu kila alichojifunza kilikuwa kimefutika. Alihangaika. Chakula alichokuwa akikirukia sasa alikigeuzia kichwa. Kengele kubwa, ambayo zamani ndiyo iliyomtoa mate mengi kuliko kitu kingine chochote, sasa ilimvuruga kabisa. Ikipigwa, hata mazoea mengine yaliyokuwa yameanza kurudi yalipotea tena. Ndiyo kwanza ikabidi kengele iondolewe, wafanye kazi kwa vishawishi hafifu tu.

Lakini kilichomrudisha hasa kilikuwa kitu kingine. Katika maabara ile desturi ilikuwa mbwa abaki peke yake chumbani, mtafiti akae nje akiangalia, ili harufu yake, pumzi zake na nyayo zake zisichafue jaribio. Speransky akavunja desturi. Akaingia, akakaa na mbwa. Mazoea yakarudi, mbwa akala. Akatoka, yakapotea. Akarudi, yakarudi. Kisha wakajaribu jambo la ajabu zaidi: mtu asiingie, ila nguo yake iwekwe chumbani, mahali ambapo mbwa haioni. Harufu tu. Hata hiyo ilisaidia.

Nashangaa sana jinsi dunia ilivyochagua. Mtaje Pavlov popote, hata kwa mtu asiyesoma chochote, atakwambia kengele. Katuni, vichekesho, vitabu vya shule: kengele na mate. Hakuna anayekumbuka nguo. Wakati ukiwa na mbwa anayetetemeka chini ya kitanda chako usiku wa mwaka mpya, fataki zikipasuka mtaa mzima, kengele haina la kukufaa. Nguo ndiyo yenye habari.

Maana bado tunao ushauri ule wa kigumu unaopita kutoka mdomo hadi mdomo: mbwa akiogopa usimguse, usimbembeleze, utamfundisha kuogopa zaidi. Umechukuliwa nusu nusu kutoka kwa elimu ya Pavlov na warithi wake, kana kwamba hofu ni ujanja ambao mbwa anaufanya ili alipwe. Hofu si kazi ya kuombea mshahara. Ukimpa mtu anayekimbia moto bilauri ya maji, hatajifunza kuupenda moto. Ukweli ni kwamba kuna mbwa wasiotaka kushikwa wakiwa na hofu, na huyo mwache, kaa karibu tu. Lakini aliyekuja mwenyewe kujibanza miguuni pako anajua anachotafuta. Ushahidi ulikuwa Leningrad tangu 1924, kwenye daftari za mwenye kengele mwenyewe.

Nisiwapambie habari, hata hivyo, kwa sababu daftari halikuishia kwenye nguo. Baada ya muda mbwa yule akapona, au tuseme akaonekana amepona. Alifanya kazi peke yake chumbani kama zamani. Ndipo wakataka kujua. Wakapitisha maji kimyakimya chini ya mlango, mchirizi tu, yakafanya dimbwi dogo karibu na meza. Mbwa aliruka, akakodoa macho sakafuni, akataka kushuka mezani, akahema. Kila kitu kikapotea upya, na chakula akakikataa. Haukuwa upepo wala mawimbi. Ni maji kidogo, kiasi cha ndoo iliyomwagika wakati wa kupiga deki.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi na kila mara nauchukia. Mtu aliyekwishajua kwamba uwepo wake ndio dawa, anafungulia maji chini ya mlango! Lakini tukiwa wa haki, bila mchirizi ule tusingejua kwamba hofu iliyotulizwa haijafutwa. Inafunikwa. Juu yake pamewekwa tandiko jipya, na chini ya tandiko sakafu ni ileile. Anayejua hilo hamlaumu mbwa wake akirudi nyuma baada ya miezi mitatu ya maendeleo. Hasemi "kazi yote bure". Anaanza tena, na mara ya pili huwa haichukui muda kama ya kwanza.

Katika mwaka uleule wa 1924, ng'ambo ya bahari, Mary Cover Jones alichapisha habari za Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura. Alichofanya Jones ni chepesi kusimulia na kigumu kuvumilia. Mtoto anakula kitu anachokipenda, sungura yuko ndani ya tundu, mbali. Siku nyingine tundu linasogezwa kidogo. Akikunja uso, linarudishwa. Basi, hivyo hivyo, siku baada ya siku, mpaka Peter akawa anamshika sungura kwa mkono wake. Na katikati hapo kuna kisa ambacho wanaofupisha huwa wanakiruka: Peter aliugua, akalazwa, na siku anatoka hospitalini mbwa mkubwa akawarukia yeye na muuguzi wake. Hofu ya sungura ikarudi yote. Mchirizi chini ya mlango, tena. Jones akaanza upya.

Miaka ishirini na kitu baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, alifanya jambo la kufanana na hilo kwa paka aliowatia hofu mwenyewe kwa shoti ya umeme. Paka walikataa kula ndani ya tundu lililowaumiza, hata karibu yake. Akawalisha katika chumba kisichofanana na kile cha majaribio, kisha katika kinachofanana kidogo, kisha zaidi, hadi wakala ndani ya tundu lenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1958 kilizaa matibabu ya hofu za binadamu, na kutoka kwa binadamu njia ikarudi kwa wanyama, ambako imekuwa ndiyo kazi ya kila mtu anayefundisha mbwa waoga kwa ustaarabu. Mbwa anaogopa fataki? Unatafuta sauti zake zilizorekodiwa, unazicheza kwa sauti ya chini kiasi kwamba masikio yanasimama lakini mwili haukazi, na kila mlio unafuatwa na kipande cha nyama. Mlio kwanza, nyama baadaye, si kinyume chake. Akikataa nyama, umeongeza sauti mapema mno, punguza. Kukataa chakula ndicho kipimo, kama ilivyokuwa kwa mbwa wa Speransky. Na mahali pa kujificha asinyimwe.

Ipo pia njia ya mkato: kumtumbukiza mwoga katikati ya anachokiogopa, bila mlango wa kutokea, hadi achoke. Wataalamu waliipa jina lenye maana ya mafuriko. Sijui kama aliyeliteua alikuwa anawafikiria mbwa wa Pavlov, lakini mbwa wa Pavlov wangemwelewa.

Miezi michache baada ya maji kushuka, mapema 1925, daktari mmoja aliyeacha udaktari alikuwa Moscow akiandika riwaya fupi. Moyo wa Mbwa wa Mikhail Bulgakov unaanza na mbwa wa mtaani, Sharik, akilia ndani ya dhoruba ya theluji, ubavu umebabuka kwa maji ya moto aliyomwagiwa na mpishi. Anatokea Profesa Preobrazhensky, anamwonyesha soseji, na mbwa anamfuata. Msaidizi wake anapouliza amewezaje kumvuta mbwa mwenye woga namna ile, profesa anajibu kwamba ni kwa upole, na kwamba vitisho havifanyi chochote kwa kiumbe hai, awe wa ngazi yoyote. Mwaka 1925, Moscow, maneno hayo hayakuwa juu ya mbwa peke yao. Mwaka 1926 polisi wa siri walimpekua Bulgakov wakachukua mswada, na wasomaji wa Kisovyeti hawakupata kitabu kwa chapa halali hadi 1987.

Wapo waliomwona Pavlov ndani ya profesa huyo. Mimi naona zaidi hali yenyewe: mhubiri wa upole anamlisha mbwa, anamponya ubavu, anamfanya amwamini, halafu anampasua. Soseji ilikuwa ya kweli na kisu kilikuwa cha kweli. Vivyo hivyo Speransky, nguo yake kwanza na mchirizi wake baadaye. Tunayoyajua juu ya kumtuliza mbwa, mengi tuliyapata kwa watu walioshika vyote viwili.

Mmoja wao aliondoka na nusu iliyo bora. W. Horsley Gantt, daktari wa Kimarekani, alifika Petrograd mwaka 1922 na shirika la msaada wa njaa, akakutana na Pavlov, kisha akafanya kazi kwake hadi 1929. Aliporudi Baltimore alifungua maabara ya aina ileile katika Johns Hopkins, ila badala ya mate akapenda kusikiliza moyo. Aliona kwamba mtu akiingia chumbani moyo wa mbwa huenda mbio, na mtu huyo akimpapasa, hushuka. Aliliita jambo hilo athari ya mtu. Katika miaka ya 1960 maabara yake ilijaribu kumpapasa mbwa wakati uleule wa kulia kwa mlio ambao mbwa alikwishajifunza kuwa unaleta shoti ya umeme. Mlio ulilia, mkono ukawa mgongoni, na moyo haukupanda kama ulivyopanda alipokuwa peke yake.