Silaha Ndani ya Kifurushi: Sheria Ianzie Wapi Kisangani?

Anayetaka kutunga sheria ya kuzuia silaha zisitumwe kwa posta atajikuta, mara tu afikapo Kisangani, akiulizwa: posta ipi? Sheria ya posta ya tarehe 16 Oktoba 2002 ipo, na mamlaka ya udhibiti, ARPTC, ipo pia. Lakini mfanyabiashara wa mtaa wa Makiso mjini humo mwenye kifurushi cha kupeleka Kinshasa au Bunia huenda kwenye ajensi ya mizigo ya ndege, au kwa nahodha wa mashua ya mbao, au kwa dereva wa lori la barabara ya kitaifa namba 4. Mzigo unapimwa, unazungushiwa utepe wa gundi, jina na namba ya simu vinaandikwa juu kwa wino mzito, nauli inalipwa. Akiulizwa kilichomo, jibu la "vipuri" mara nyingi linatosha.

Marekani ilikwisha kupita njia hiyo. Mwaka 1927 ilipiga marufuku bastola kutumwa kwa posta ya serikali, ikayaacha makampuni binafsi ya uchukuzi. Lee Harvey Oswald alipoagiza silaha mwaka 1963, bunduki ndefu ilimfikia kwa posta, bastola kwa kampuni ya mizigo ya reli. Rais Kennedy aliuawa kwa ile bunduki; sheria kali zaidi ikaja mwaka 1968. Marufuku inayomlenga mbebaji mmoja humnufaisha mwenzake.

Hapa kwetu kuna somo la zamani zaidi. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, na kutaka silaha zilizoruhusiwa ziwekwe katika maghala ya umma. Hata hivyo Dola Huru ya Kongo iliendelea kulipatia jeshi lake bunduki hizohizo, na miaka mitatu kabla ya mkataba huo ilikuwa imemfanya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa mwenye askari wake wa bunduki, kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Ghala lilikuwa na mlinzi. Shida ilikuwa ni nani anayeshika ufunguo.

Nakubali kwamba sheria ya vifurushi haingezuia Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji huu. Makombora yale yalikuwa mali ya majeshi ya dola. Hayakupita kwenye kaunta. Kinachoweza kupita humo ni kidogo: risasi za kalibre 12 za wawindaji, kifyatulio, mtutu uliotenganishwa. Ndicho cha kulengwa, maana bunduki hudumu miongo, lakini risasi huisha na lazima zitafutwe tena. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010 unataja risasi na sehemu za silaha katika jina lake lenyewe, wakati sheria-amri ya Kongo kuhusu silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 ilitungwa kabla ya simu za mkononi na ajensi hizi.

Basi sheria mpya imfunge kila anayebeba mzigo wa mwingine kwa malipo, awe na ndege au mtumbwi. Aandike kitambulisho cha mtumaji na mpokeaji, na atunze daftari. Asipewe mamlaka ya kufungua. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 31, inalinda siri ya mawasiliano, na kila mtu wa mkoa wetu wa Tshopo anajua kinachotokea anayeruhusiwa kupekua anapokuwa na mshahara mdogo: kila kifurushi kinakuwa na bei yake. Ufunguzi ufanywe na afisa wa polisi wa mahakama, kwa hati, mbele ya mashahidi.

Watasema ajensi ndogo hazimudu. Ni kweli, ndiyo maana daftari na mafunzo vigharamiwe na serikali. Ajensi ikitwishwa gharama yote, mteja atapakia mzigo wake juu ya toleka, baiskeli ya kukodi, na kwenda moja kwa moja ufukweni, kwa nahodha asiyeandika chochote.