Mahindi Yaliyoua Ukambani

Huenda umekula ugali leo, msomaji, pasipo kuuliza ni nani aliyeyapima mahindi yake. Swali hilo liliulizwa Ukambani mwaka 2004, tena kwa kuchelewa. Watu wa Makueni na Kitui waliugua, macho yao yakageuka manjano kwa kuharibika ini. Asili yake ilikuwa mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu, yakaota kuvu itoayo sumu iitwayo aflatoksini. Na kuyapika hakuiondoi. Kufikia tarehe 20 Julai watu 317 walikuwa wameugua, na 125 kati yao wamekufa.

Sasa fikiri: idara ipi ilipaswa kulizuia? Daktari humwona mgonjwa, wala halioni ghala. Bwana shamba huliona ghala, wala hapimi damu. Mkaguzi wa soko hulikuta gunia, asijue lilikotoka. Basi ikabidi watu wa afya na wa kilimo washikane mikono, wakisaidiwa na wataalamu kutoka Marekani. Mahindi ya sokoni yakapimwa mara 350, na zaidi ya nusu yalikuwa yamepita kiwango kilichoruhusiwa. Wakaguzi wakayatwaa mabovu, na serikali ikagawa chakula kingine. Maana mwenye njaa akinyang'anywa tu, atakula lililobaki.

La kuhuzunisha ni kwamba mwaka 1981 sumu iyo hiyo iliwapata watu 20 wilayani Machakos, wakafa 12. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo. Habari ziliandikwa mwaka 1982 katika jarida la madaktari huko Uingereza, ambalo mkulima wa Makueni halisomi.