Kitambulisho, utambulisho na safari ya faili

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchini Tanzania, Mei 2019, jina la ofisi liligeuka jina la kitu. NIDA ni kifupi cha jina la Kiingereza la Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 2008. Mitaani watu wakaanza kuulizana, “Una NIDA?” na kujibizana, “NIDA yangu bado haijatoka.” Walichokitafuta hakikuwa ofisi, na mara nyingi haikuwa hata kadi. Ilikuwa namba yenye tarakimu 20, inayoanza na mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenyewe. Mwisho wa usajili ulipangwa uwe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na katika miezi hiyo wengi walisajili laini kwa namba tupu, kadi ikiwa haijachapishwa.

Miezi hiyo iliwafundisha watu kwa vitendo jambo ambalo vitabu vya utawala hulieleza kwa kurasa nyingi: kadi ni kitu kimoja, na utambulisho ni kitu kingine.

Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu kitenzi kimoja kimezaa familia nzima ya istilahi. Kutambua ni kumjua mtu au kitu kwa alama zake. Kutambulisha ni kumwezesha mwingine atambue. Kitambulisho ni chombo cha kufanyia kazi hiyo: kadi, cheti, barua ya mtendaji wa kata. Utambulisho ni ile hali yenyewe, yale yanayomfanya Asha awe Asha na asiwe jirani yake mwenye jina lilelile. Utambuzi ni tendo la upande wa pili, la ofisi inayomtazama Asha na kuamua ni nani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1986 inaitwa Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu, na aliyeichagulia jina hilo alichagua vema, kwa maana inahusu kazi ya dola zaidi kuliko kadi ya mtu.

Kwa msingi huo, utambulisho wa kidijitali unaweza kufafanuliwa hivi: ni taarifa zilizohifadhiwa kielektroniki zinazomtofautisha mtu mmoja na wengine wote mbele ya taasisi, pamoja na njia ya kuhakikisha kwamba anayezitumia ni yeye kweli. Sehemu ya pili ya fasili hiyo ndiyo inayosahauliwa, nayo ina istilahi yake: uthibitishaji. Utambuzi huuliza, “Wewe ni nani?” Uthibitishaji huuliza, “Tutajuaje kwamba ni wewe?” Kwa wakala wa simu maswali haya mawili hujibiwa ndani ya dakika moja. Namba ikiandikwa, utambuzi umefanyika. Kidole kikiwekwa kwenye mashine na kulinganishwa na alama zilizohifadhiwa, uthibitishaji umefanyika. Baada ya hapo huja idhini, yaani ruhusa ya kufanya jambo fulani, ambayo ni hatua ya tatu na haipaswi kuchanganywa na hizo mbili.

Estonia iliijua tofauti hiyo kwa gharama kubwa. Nchi hiyo ndogo ya pwani ya Baltiki ilianza kutoa kadi za utambulisho zenye chipu mwaka 2002, na raia wake hutumia kadi hizo kutia saini mikataba, kulipa kodi na hata kupiga kura mtandaoni. Mwaka 2017 watafiti waligundua dosari katika chipu iliyokuwa ndani ya kadi zaidi ya 700,000. Mtu mwenye uwezo mkubwa wa kompyuta angeweza, kinadharia, kukokotoa ufunguo wa siri wa kadi ya mwingine. Novemba mwaka huo serikali ilisimamisha vyeti vya kielektroniki vya kadi hizo mpaka wenyewe wavisasishe. Hakuna aliyepoteza jina wala namba yake ya tarakimu 11. Utambulisho ulibaki mzima. Kilichotetereka ni uthibitishaji, na kwa kuwa vilikuwa vimejengwa kama vitu viwili, kimoja kiliweza kukarabatiwa bila kukigusa kingine.

Vidole navyo vina matatizo yake. Mkulima aliyeshika jembe miaka arobaini, mvuvi anayevuta nyavu, mzee ambaye ngozi yake imelainika: mashine inaweza kukataa kuwasoma. Ndiyo maana baadhi ya mifumo ya serikali ya Tanzania, ukiwemo ule wa BRELA wa kusajili kampuni na majina ya biashara, humwuliza mwombaji maswali yanayotokana na taarifa alizotoa wakati wa kujiandikisha. Hiyo pia ni njia ya uthibitishaji. Mfumo wenye njia moja tu humfungia nje mtu halali, na anayefungiwa kwa kawaida ni yule ambaye kazi yake ya mikono imemla vidole.

Ili kuona mtu anafungiwa kwenye hatua gani, lazima hatua za ofisi zichorwe, na hapo ndipo istilahi ya pili inapohitajika, ile ya Kiingereza “business process modelling”, nayo haina bahati kama ya kwanza. Kiingereza hutumia neno lilelile, “business”, kwa biashara ya duka na kwa shughuli yoyote ambayo taasisi ipo ili kuitekeleza. Mfasiri mwenye haraka huandika “uundaji wa modeli za michakato ya biashara”, na msomaji aliye katika ofisi ya halmashauri huona hayamhusu, kwa kuwa yeye hauzi kitu. Neno linalofaa ni shughuli. Mchakato wa shughuli ni mfuatano wa hatua zinazoanza na ombi la mwananchi na kuishia na jibu: cheti kimetoka, leseni imekataliwa, kiwanja kimepimwa. Mchakato lenyewe ni neno lililokwisha kukomaa. Tanga huchakata mkonge, viwanda vya Mwanza huchakata samaki, na sasa ofisi huchakata maombi.

Kuhusu modeli, wengine husema mchoro, wengine kielelezo. Mchoro ni neno jepesi na linatosha mkutanoni. Kielelezo, hata hivyo, hubeba zaidi: kinaweza kujaribiwa, kupewa muda na gharama za kila hatua, na hata kuendeshwa na kompyuta moja kwa moja. Mwandishi wa makala haya angependelea uundaji wa vielelezo vya michakato katika nyaraka rasmi, na mchoro wa mchakato katika mazungumzo ya kila siku.

Sanaa hiyo si mpya. Frank na Lillian Gilbreth waliwasilisha chati zao za mchakato mbele ya wahandisi mitambo wa Marekani mwaka 1921. Alama zinazotumiwa zaidi leo hujulikana kwa kifupi BPMN. Toleo la kwanza lilitoka 2004, la pili 2011, na mwaka 2013 likapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Alama za msingi ni chache. Duara ni tukio: ombi limepokelewa, muda umekwisha. Kisanduku chenye pembe za mviringo ni kazi ya kufanywa. Umbo la almasi ni mahali pa kuamua, na Kiswahili kina jina lake tayari: njia panda. Mistari inayogawa mchoro ili kuonyesha nani anafanya nini imefananishwa, katika lugha ya asili, na njia za waogeleaji ndani ya bwawa la mashindano. Taswira hiyo haina faida kwa wengi waliosoma shule zisizo na bwawa, ila kila aliyesoma shule yenye madarasa A na B anajua mkondo ni nini. Basi mkondo uwe sehemu ya mhusika mmoja, karani au mhasibu, na taasisi nzima iwe na uwanja wake.

Kanuni moja ya BPMN inafaa kukaziwa macho. Mshale wa kazi hauruhusiwi kuvuka kutoka uwanja wa taasisi moja hadi wa nyingine. Kinachovuka ni ujumbe, nao huchorwa kwa mstari uliokatikakatika.

Kanuni hiyo ikitumiwa Tanzania Bara, huonyesha jambo ambalo kila mwananchi analijua mwilini. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, iliyo chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Namba ya utambulisho hutolewa na NIDA, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hizo ni nyanja mbili. Kijana anapofikisha miaka 18 na kwenda kujiandikisha, hujaza fomu, huambatisha cheti cha kuzaliwa na hupita kwa viongozi wa mtaa au kijiji chake. Baadaye akiomba pasipoti, ambayo ni uwanja wa tatu, wa Idara ya Uhamiaji, hutakiwa tena kuambatisha cheti cha kuzaliwa pamoja na namba ya NIDA ambayo ilipatikana kwa cheti hichohicho. Mchoraji akifika kwenye mstari uliokatikakatika kati ya nyanja hizi, akauliza nani anaubeba ujumbe, jibu mara nyingi ni mwombaji mwenyewe, ndani ya bahasha ya kaki, kwa nauli yake.

Utambulisho wa kidijitali peke yake hauondoi safari hiyo. Unaweza hata kuifanya iwe ngumu zaidi, ikiwa fomu ya karatasi imegeuzwa fomu ya mtandaoni inayodai viambatisho vilevile, sasa vikiwa vimepigwa skani kwa malipo kwenye kibanda cha stesheneri. Estonia ilipozindua X-Road mwaka 2001, njia ya kubadilishana taarifa kati ya kanzidata za serikali, ilikwenda sambamba na kanuni kwamba taarifa ambayo dola imekwisha kuipokea isiombwe tena kwa raia. Teknolojia ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuchora upya michakato ya ofisi moja baada ya nyingine. Tanzania nayo ina Mamlaka ya Serikali Mtandao na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na imejenga njia ya mifumo ya taasisi kusomana. Kazi iliyobaki ni ya kupitia visanduku, na hiyo hufanywa na watu wanaoifahamu ofisi.

Mfano bora kabisa wa kazi hiyo uko nyumbani. Kwa miaka mingi usajili wa mtoto ulikuwa na hatua mbili: kwanza tangazo la kizazi, karatasi iliyotolewa kituoni au kwa mtendaji, kisha safari ya kwenda ofisi ya wilaya kulibadilisha kuwa cheti, kwa ada. Familia nyingi ziliishia kwenye hatua ya kwanza. Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA na wadau wake walianza mpango wa kusajili watoto wa umri chini ya miaka mitano. Ada iliondolewa. Cheti kikaandikwa palepale kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, na taarifa zikatumwa kwenye kanzidata kwa simu ya mkononi. Ukiuchora mchakato wa zamani na mpya, tofauti inaonekana bila maelezo: mkondo wa ofisi ya wilaya umeondoka kwenye njia ya mzazi, njia panda ya “amelipa au hajalipa” imefutwa, na ujumbe unaovuka kwenda RITA haubebwi tena na mama mwenye mtoto mgongoni. Simu ilisaidia, lakini uamuzi wa nani atoe cheti, na wapi, ulitangulia simu.

Kuna upande mwingine wa vielelezo hivi usiohusu kasi. Nchini Kenya watu bado huita kitambulisho kipande, neno lililobaki kutoka sheria ya kikoloni ya mwaka 1915 iliyowalazimisha wanaume Waafrika kubeba karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira, ndani ya kopo la chuma lililoning’inia shingoni. Historia hiyo iliingia na wananchi mahakamani Huduma Namba, mpango wa serikali wa utambulisho wa kidijitali, ilipopingwa. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu anapoishi kwa setilaiti, na ikataka kwanza uwepo mfumo kamili wa kisheria. Oktoba 2021 ikaamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa batili kwa sababu tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa kabla. Kwa lugha ya mchoraji, kisanduku kimoja kiliachwa, nacho kilikuwa kinamlinda mwananchi. Wanubi wa Kenya, ambao jukwaa lao la haki lilikuwa miongoni mwa walalamikaji, walijua mapema thamani ya kisanduku kimoja: kwa vizazi walipitishwa kwenye kamati za uchunguzi kabla ya kupewa kitambulisho, hatua ambayo majirani zao wengi hawakuwekewa. Ikichorwa, njia panda hiyo lazima iandikwe inauliza nini, na swali likiandikwa linaweza kupingwa.

Zanzibar ilichagua njia yake. Kwa sheria ya mwaka 2018, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii unaandikisha vizazi, vifo, ndoa na talaka, na ndio unaotoa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Nyanja mbili za Bara, huko ni mikondo miwili ndani ya uwanja mmoja, na mshale unaweza kupita ndani kwa ndani.

Ofisi nyingi za umma Tanzania hubandika ukutani Mkataba wa Huduma kwa Mteja, unaotaja huduma na siku zitakazotumika kuitoa. Hauonyeshi faili linapita wapi ndani ya siku hizo. Mchoro wa ukurasa mmoja pembeni yake, wenye mikondo iliyotajwa kwa Kiswahili, mtendaji wa kata, afisa msajili, mhasibu, ungemwezesha aliyekaa kwenye benchi kujua ombi lake liko kwenye kisanduku gani na ni nani wa kumwuliza. Gharama yake ni karatasi, na asubuhi moja ya watumishi wa ofisi hiyo kukaa pamoja na kukubaliana ni hatua zipi hasa wanazozifuata.