Hela: sarafu iliyokufa, neno lililobaki

Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, dagaa huuzwa kwa shilingi, lakini mnunuzi huulizwa: "Hela iko wapi?" Hela ilikuwa sarafu halisi. Jina lake ni la Kijerumani, Heller, kutokana na mji wa Hall zilikofuliwa sarafu ndogo za fedha katika Zama za Kati.

Hapa kwetu utawala wa Wajerumani ulitumia rupia iliyogawanywa katika pesa 64. Neno pesa nalo lina asili ya India. Mwaka 1904 mgawanyo ukabadilishwa: rupia moja ikawa hela 100.

Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916. Shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza mwaka 1921, na ya Tanzania Juni 14, 1966. Hela ikatoka mifukoni, ikabaki vinywani, tena kwa maana pana zaidi: si sarafu moja, bali fedha yoyote.

Wako wanaoliona hela kuwa neno la mtaani lisilofaa kuandikwa. Hawalitendei haki. Ni Kiswahili sanifu chenye zaidi ya miaka 100 ya historia. Walimu, liruhusuni katika insha za wanafunzi wenu.